Bango la Mzee

Najua niliahidi kuendelea na yale mafunzo ya hifadhidata, na najua nimekuwa kimya. Mtanivumilia kidogo. Leo naandika kuhusu bango moja nililotengeneza kwa GIMP, bango la karatasi ya A4 tu, kazi ambayo kwa kawaida nisingeitaja mbele ya waandaaji programu wenzangu. Lakini ndiyo kazi ya kompyuta iliyonifunza mengi zaidi tangu nimalize chuo, na ndiyo iliyoniaibisha zaidi.

Nianze na malalamiko. Ukisoma sayansi ya kompyuta na ukawa umelelewa mtaa kama Jericho, basi jua wewe ni fundi wa kila kitu chenye waya. Redio ya jirani ikinyamaza, unaitwa. Simu ya mama ikijaa picha za "asubuhi njema" hadi ikwame, unaitwa. Na msimu wa harusi na harambee ukifika, unaitwa utengeneze posta. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za malipo. Nashinda siku nzima nikitafuta kwa nini muamala mmoja kati ya elfu umeandikwa mara mbili. Kwa hivyo kila nilipoombwa "kaposta kadogo tu, dakika tano", nilikuwa nakasirika kimoyomoyo. Miaka minne ya chuo kikuu, hesabu zote zile, halafu nikapange maua pembeni mwa picha ya bwana harusi?

Hata hivyo nilikuwa nazifanya, na ukweli ni kwamba nilikuwa najisifu. GIMP niliijua nikiwa chuoni kwa sababu ilikuwa ya bure. Kwa asiyeifahamu, ni programu ya kuhariri picha iliyoanzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo mtu yeyote anaweza kuipakua bila kulipa na hata kusoma msimbo wake. Photoshop ni kongwe zaidi, toleo lake la kwanza lilitoka 1990, lakini siku hizi inalipiwa kwa mwezi, na mwanafunzi wa Eastlands ana mambo mengine ya kulipia kila mwezi. Basi nikajifunza leya, vivuli, kukata mtu kutoka picha moja na kumweka kwenye nyingine. Watu wakaniambia nina mkono. Nikaamini.

Sasa kisa chenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai 2025. Mimi nakaa Umoja siku hizi, lakini nilikuwa nimekuja Jericho kumwona mama. Kwa msomaji wa mbali, Jericho ni mtaa wa nyumba za baraza la jiji zilizojengwa karibu na wakati wa uhuru, upande wa Jogoo Road, na majirani zetu ni Maringo, Uhuru na Buruburu. Ni mtaa ambao watu wanafahamiana mpaka kwa vizazi. Saa mbili usiku mlango ukabishwa. Alikuwa binti wa jirani yetu, dada ambaye ni mkubwa kwangu kama miaka kumi na mitano, na nyuma yake mama yake, ambaye sote tunamwita Shosho.

Mzee alikuwa amepotea.

Mzee (nitamwita hivyo tu) alifanya kazi ya reli miaka mingi, akastaafu kabla mimi sijaanza shule. Miaka michache iliyopita alianza kusahau. Mwanzoni ni funguo, baadaye ni majina ya wajukuu, baadaye akawa anaamka alfajiri na kuvaa koti akisema amechelewa kazini. Madaktari wanauita ugonjwa huu dimenshia, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi nao. Kwetu mtaani watu husema tu "mzee amechoka". Siku hiyo saa tisa alasiri Shosho alikuwa anafua nyuma ya nyumba, na aliporudi akakuta mlango wazi.

Walikuwa wamekwisha kwenda polisi na kupewa namba ya OB. Walikuwa wamezunguka Camp Toyoyo, soko la Jericho, Maringo, hadi Burma. Sasa walitaka bango. Dada akaniambia, "Fundi, wewe ndiye unajua mambo haya. Tutengenezee kitu kizuri, tutume kwa WhatsApp usiku huu huu."

Kitu kizuri. Niliyashika maneno hayo mawili na nikakimbia nayo.

Dada alinipa picha iliyokuwa imetundikwa sebuleni kwao, Mzee akiwa amevaa suti ya kijivu na tai, ameketi studio, uso umenenepa kidogo, macho makali. Nilipiga simu picha hiyo, nikaihamisha kwenye kompyuta, nikaanza. Nikamkata Mzee kutoka kwenye pazia la studio. Nikamwekea nyuma rangi ya samawati inayofifia kuelekea nyeupe. Mzee ana kovu juu ya jicho la kushoto, na karatasi ya picha ilikuwa na madoa pale pale, basi nikachukua kile kifaa cha kuziba madoa nikapitisha, madoa yakaenda na kovu likaenda nayo. Nikaweka kivuli laini mabegani. Juu nikaandika jina lake kwa fonti yenye mikia, chini nikaandika "Tafadhali Saidia Familia", na namba mbili za simu. Nikafanya kazi hadi saa tano usiku. Sitawaficha, nilipomaliza niliegemea kiti nikalitazama kwa furaha. Dada akalituma kwenye makundi yote ya familia, ya kanisa, ya mtaa, na watu wakalisambaza.

Asubuhi nikalichapisha nakala moja saiba, nikampelekea Shosho. Alilishika kwa mikono miwili. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini sana:

"Mwanangu, kwa nini umeniandikia tanzia?"

Nikalitazama tena, na nikaona kile ambacho alikuwa ameona yeye. Mzee wa suti. Mawingu ya samawati. Jina kwa herufi za mikia. "Saidia Familia". Nimetengeneza mabango ya mazishi angalau ishirini, na mkono wangu ulikuwa umetengeneza la ishirini na moja bila kuniuliza. Dada akafungua simu yake kwa haraka. Kwenye kundi moja kulikuwa na majibu zaidi ya thelathini, na karibu yote yalisema kitu kimoja: "Poleni sana." "Mungu ailaze roho yake mahali pema." Mmoja alikuwa ameuliza mazishi ni lini.

Hakuna aliyekuwa anamtafuta. Walikuwa wanatuomboleza.

Nadhani kama ningeishia hapo ningekuwa nimejifunza vya kutosha, lakini mimi ni mtu wa kompyuta, na mtu wa kompyuta akikosea hukimbilia chombo kikubwa zaidi. Nikasema, sawa, shida ni picha ya zamani, nataka ya sasa. Mjukuu mmoja akanitumia picha ya skrini aliyoipata kwenye status ya mtu, familia nzima imesimama nje ya nyumba mwezi wa Juni, Mzee pembeni na kofia yake ya sufu ya kijani. Uso wake kwenye picha ile ulikuwa na upana wa pikseli 80 hivi. Ukiukuza unaona miraba miraba, kwa sababu picha za JPEG hubanwa kwa vipande vya pikseli nane kwa nane, na kila inapohifadhiwa upya vipande vile vinazidi kujitokeza.

Basi nikaenda kwenye tovuti moja ya akili unde, ile kila mtu anaita AI, inayoahidi kusafisha picha zenye ukungu. Nikapakia. Sekunde kumi. Uso ukarudi safi ajabu, upana wa pikseli 800, kila unywele wa nyusi unaonekana. Nikampelekea Shosho kompyuta mezani, nikiwa na uhakika safari hii nimempendeza.

Akavaa miwani. Akasogea. Akasema, "Huyu ni nani?"

"Ni Mzee, Shosho. Ni ile picha ya Juni, nimeisafisha."

"Huyu si mzee wangu. Huyu anafanana na mtu wa televisheni. Kovu liko wapi?"

Kovu halikuwepo. Mashavu ambayo ugonjwa ulikuwa umeyala yalikuwa yamejaa. Jicho la kushoto, ambalo limezama kidogo, lilikuwa sawa na la kulia. Ngozi ilikuwa imeng'aa kuliko ya Mzee. Alikuwa mzee mzuri wa Kiafrika ambaye hajawahi kuishi popote.

Wadau, hapa ndipo ningepaswa kujua kabla ya Shosho, maana hesabu yake ni ya kidato cha kwanza. Uso wa pikseli 80 kwa 80 una pikseli 6,400. Uso wa 800 kwa 800 una pikseli 640,000. Maana yake, kila pikseli 100 kwenye ule uso safi, moja ndiyo ya Mzee na 99 ni za kubuni. Programu haioni kilichofichwa na ukungu. Imefunzwa kwa nyuso nyingi za watu wengine, na inakisia uso wa namna hii kwa kawaida huwaje. Kovu si la kawaida, kwa hivyo linaondoka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu ya namna hii iliyoitwa PULSE. Mtu akaiwekea picha yenye ukungu ya Barack Obama, uso ambao dunia nzima inautambua hata ukiwa miraba, na sisi Kenya ndio zaidi. Programu ikarudisha mzungu. Nilikisoma kisa hicho nilipokuwa chuoni, nikacheka sana. Miaka mitano baadaye nikakifanyia majaribio kwa jirani yangu aliyepotea.

Shosho hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hii picha nani aliipiga?" Akaambiwa ni mjomba mmoja aliyekuwa amekuja kutoka Nakuru. Akasema, "Si mumpigie?"

Tukampigia. Picha ya asili ilikuwa kwenye simu yake, nzima, pikseli 4000 kwa 3000. Nikamwomba aitume kama faili, isitumwe kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp hupunguza picha ili zisile data. (Tangu 2023 kuna chaguo la kutuma picha kwa ubora wa juu, lakini faili ndiyo njia salama zaidi.) Ikafika baada ya dakika tatu. Uso wa Mzee ulikuwa na pikseli 450 za upana, zote zake. Kovu lipo. Jicho lipo. Kofia ipo. Nilihangaika na mitambo ya watu wa mbali, na kilichohitajika ni simu moja ya Nakuru.

Sasa ngoja nieleze nilivyolitengeneza bango la tatu, kwa sababu huenda siku moja ukaombwa, na natumaini utakuwa na haraka kuliko nilivyokuwa.

Kabla sijafungua GIMP nilitoka nje. Nilienda hadi steji nikasimama mbele ya nguzo ya stima. Unajua nguzo zetu. Kuna mkutano wa injili, kuna nyumba ya kupanga, kuna shule ya udereva, kuna mgombea ambaye alishindwa uchaguzi wa 2022 na bado anatabasamu. Na kuna mganga kutoka Tanga. Nilikuwa namdharau mganga huyo miaka yote, lakini siku hiyo nilimtazama kama mwalimu. Karatasi ya manjano, herufi nyeusi nene, maneno matatu na namba ya simu. Unaisoma ukiwa ndani ya matatu inayotembea. Hana mawingu wala kivuli mabegani.

Kazini kwangu hatuandiki mstari wa programu kabla ya kuuliza nani ataitumia, akiwa wapi, na kwa muda gani. Swali hilo sikuwahi kuliuliza kuhusu posta, kwa sababu niliziona ni mapambo. Nikaliuliza pale kwenye nguzo. Atakayelitumia bango hili ni mtu asiyemjua Mzee. Yuko barabarani, ana mzigo, ana haraka. Ana sekunde mbili au tatu. Na baadaye, labda kesho, atakutana na mzee fulani, na ni lazima kitu kimgonge kichwani. Basi kila nilichokiweka kwenye karatasi ile nilikipima kwa mtu huyo.

Kwanza, ukurasa. A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Uso niliuweka upana wa sentimita sita, ambao kwa pikseli 450 unatoa kama nukta 190 kwa inchi. Si ubora wa gazeti la kifahari, lakini mtu hasomi bango la nguzo kwa miwani ya sonara. Usikuze picha kupita uwezo wake. Afadhali uso mdogo wa kweli.

Pili, sikumkata Mzee kutoka kwenye picha. Nilipunguza tu kingo, nikabakisha mabega, koti na kofia. Dada alitaka tuondoe kofia kwa sababu imechakaa. Shosho akasema Mzee hulala nayo. Ikabaki. Mtu aliyepotea jana anaonekana alivyokuwa jana. Picha ya suti ni ya heshima, na naelewa kwa nini familia inaitaka. Hakuna anayependa baba yake abandikwe kwenye nguzo na kofia iliyotoboka. Lakini atakayempata hatakutana na suti.

Tatu, mwanga. Hapa kuwe na uangalifu. Bango hili litatolewa nakala saiba, nyeusi na nyeupe, kwa mashine iliyochoka, na mashine hizo hugeuza uso mweusi kuwa doa la wino. Ni shida ya zamani. Hata maabara zilizosafisha filamu za rangi za Kodak kwa miaka mingi zilipima rangi ya ngozi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, na watu weusi wakatoka gizani. Nilichofanya ni kuinua kidogo mwanga wa katikati, ule ulio kati ya kivuli na weupe, usoni peke yake, hadi macho na kovu vionekane. Kisha nikageuza nakala moja kuwa ya kijivu, nikaichapa na kuitoa nakala ya nakala, kuona kama Mzee bado ni Mzee. Ilinibidi nirudie mara mbili. Kuinua mwanga ili mtu aonekane ni tofauti na kumfanya mweupe, na anayejua mpaka uko wapi ni mtu wa nyumbani kwake, si wewe. Muulize. GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, inakuruhusu kubadilisha marekebisho kama haya baadaye bila kuharibu picha ya chini, kwa hivyo hakuna sababu ya kuogopa kurudi nyuma.

Nne, maneno. Juu kabisa, herufi nene kuliko zote: AMEPOTEA. Nilitaka kuanza na jina, lakini jina halimsaidii mpita njia, na tena Mzee mwenyewe siku nyingine hajibu akiitwa. Chini ya picha: umri, urefu kwa kulinganisha, koti la kijivu, kofia ya kijani ya sufu, kovu juu ya jicho la kushoto. Mstari mmoja ambao ulitoka kwa Shosho: "Anapenda kuzungumza habari za reli." Kisha alionekana wapi mara ya mwisho, siku na saa, kituo cha polisi na namba ya OB, na namba mbili za simu kubwa sana. Na tarehe ya bango lenyewe, kwenye kona, ili watu wajue hili ndilo jipya. Fonti moja tu, isiyo na mikia.

Ilinichukua dakika arobaini. Halikuwa zuri. Ukiliweka kwenye orodha ya kazi zangu hakuna atakayeniajiri. Nilipompa Shosho alilitazama, akaweka kidole kwenye kovu, akasema, "Huyu ndiye." Akaanza kulia, na mimi nikatoka nje nikajifanya napiga simu.

Jumapili saa saba tulitoa nakala 200. Vijana wa mtaa wakagawana: kundi moja Buruburu, jingine Maringo na Kaloleni, jingine likafuata Jogoo Road kuelekea mjini, kupita uwanja wa Joe Kadenge, ule tuliozoea kuuita City Stadium. Makanga wa matatu za 58 walichukua bila kuulizwa mara mbili. Jioni simu zikaanza. Nyingi zilikuwa za watu wema waliomwona mzee mwingine. Tatu zilikuwa za watu waliosema wanaye, tutume kwanza pesa kwa M-Pesa. Niliwaambia wampatie simu wamwulize kuhusu reli. Walikata.

Jumatatu saa moja asubuhi alipiga mama mmoja anayeuza chai na mandazi Muthurwa. Alisema mzee wenu yuko hapa, ana kofia ya kijani, na amekuwa akiniuliza nyumba za reli ziko wapi.

Hapo ndipo Shosho alipotuambia kitu ambacho sisi wote, hata binti yake, hatukukifikiria. Muthurwa palikuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli, na Mzee aliishi pale akiwa kijana. Hakuwa amepotea kwa fikira zake. Alikuwa ametoka kazini na alikuwa anatembea kwenda nyumbani, kilomita tano hivi, akafika, akakuta nyumba haipo.

Tulimkuta ameketi kwenye kreti, amefunikwa leso ya yule mama, ana kikombe mkononi. Miguu ilikuwa imevimba na alikuwa na kikohozi, lakini alitutambua kwa namna yake. Nikamshukuru yule mama, nikamwuliza alilionaje bango. Akasema makanga alilibandika kwenye kibanda chake Jumapili jioni, na Mzee alipopita tena asubuhi aliiona kofia kwanza, kisha kovu. Halafu akaongeza, bila ubaya wowote:

"Hata Jumapili asubuhi alipita hapa nikampa chai. Na picha ya kwanza nilikuwa nimeipata usiku kwa simu. Lakini ile ya suti? Mimi nilijua ni mtu amekufa. Nikasema Mungu amrehemu, nikaendelea."

Wadau, nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali. Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, Julai, Nairobi, ule wakati baridi inaingia hadi kwenye mifupa, Mzee wa karibu miaka themanini alilala nje. Mama aliyekuwa amemshika mkono asubuhi ile alikuwa na bango langu mfukoni. Labda hata bango sahihi lisingemfikia kwa wakati. Siwezi kujua. Lakini najua saa tatu nilizotumia kufanya mawingu zilikuwa za nani. Zilikuwa zangu. Nilikuwa najitengenezea sifa kwa uso wa mtu mwingine.

Tangu hapo sikatai tena mtu akiniomba posta, na sikasiriki. Ila nauliza maswali mengi hadi watu wanachoka. Na nimeongeza mambo mawili kwenye desturi yangu. Mtu akipatikana, siku hiyo hiyo natengeneza bango jipya lenye picha ile ile na neno AMEPATIKANA juu yake, kwa sababu lile la kwanza litaendelea kuzunguka kwenye simu za watu kwa miezi, na familia itaendelea kupigiwa. Pili, nawaambia wasingojee saa 24 kabla ya kwenda polisi, kama watu wanavyodhani. Nenda mara moja. Na ikiwa aliyepotea ni mtoto, namba 116 ya Childline Kenya haitozi pesa.

Mzee yuko nyumbani. Mlango sasa una komeo la juu, na ndani ya koti lake Shosho ameshona kitambaa chenye namba ya simu. Bango moja lilibaki ukutani sebuleni kwao, karibu na ile picha ya suti. Nilipoenda kuwaona Desemba, Mzee alikuwa ameketi akilitazama kwa makini. Akaniita nisogee, akaniuliza kwa huruma ya kweli:

"Huyu mzee, walimpata?"

"Walimpata, Guka."

Akatikisa kichwa, akasema, "Afadhali. Ana uso wa mtu mzuri."

Haya wadau, tukijaliwa, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.